Kufuma zulia lako mwenyewe kwenye residensi ya wasanii Oaxaca: mwongozo kamili, kuanzia kuomba nafasi mpaka kulibeba nyumbani

Watu wakisikia residensi ya wasanii nje ya nchi, yaani mahali msanii anapoenda kukaa kwa muda afanye kazi yake, wanapata picha ya mtu amekaa kwenye chumba kizuri, ana kahawa mkononi, anasubiri wazo limjie. Ukienda kufuma zulia sahau hiyo picha. Zulia ni hesabu na ni mgongo, alafu muda wenyewe ni mfupi, residensi nyingi ni wiki nne mpaka nane, kwa hiyo ukifika kule bado hujajua unataka zulia la ukubwa gani na la rangi ngapi, siku zitakatika hivihivi unashangaa milima.

Naongelea Oaxaca, kusini mwa Meksiko, hasa kijiji cha Teotitlán del Valle, kama kilomita 30 hivi kutoka Oaxaca mjini, sababu ndo ninapopajua. Ukienda Moroko au Uturuki mambo mengi ya hesabu yanafanana ila mtambo, yaani kile chombo cha kufumia, ni mwingine na rangi ni nyingine. Na nikwambie mapema msimamo wangu: kila kitu kipangwe kwa kurudi nyuma. Shika tarehe ya ndege ya kurudi, toa siku za kumalizia, toa siku za kufuma, toa siku za kutia rangi, ndo ujue una nafasi ya kuchora kitu gani. Wengi wanafanya kinyume, wanachora kwanza zulia la ndoto zao alafu wanaanza kukimbizana na kalenda.

Unaenda nyumbani kwa watu, sio shuleni

Teotitlán ni kijiji cha Wazapoteki, wenyeji wa asili wa Oaxaca. Kabla Wahispania hawajafika walikuwa wanafuma pamba kwa mtambo wa kiunoni, yaani upande mmoja umefungwa kwenye mti au nguzo na mwingine kwenye kiuno cha mfumaji. Karne ya 16 Wahispania wakaleta kondoo na mtambo mkubwa wa pedeli, na mazulia ya sufu unayoyaona leo yametokana na hapo. Mtambo mkubwa ulikuwa kazi ya wanaume zaidi, lakini kuanzia 1942 mpaka 1964 kulikuwa na mpango wa Bracero wa kupeleka vibarua wa Meksiko kwenye mashamba ya Marekani, na hata baada ya hapo wanaume waliendelea kuondoka, basi wanawake wengi nao wakaingia kwenye mtambo. Leo kuna vikundi vya wanawake wafumaji vinavyojitegemea, Vida Nueva ni kimojawapo.

Nakueleza haya sababu yanagusa siku yako yote. Karakana iko uani kwa mtu, kuku wanapita, watoto wanatoka shule, bibi wa nyumba ana sauti kubwa kuliko mwenye residensi. Asubuhi unasalimia mtu mmoja mmoja, wakubwa kwanza, hilo kwetu halina ugumu. Mwalimu wako utamwita maestro, akiwa mwanamke maestra. Wenyewe kwa wenyewe wanaongea Kizapoteki, na wewe wataongea Kihispania, Kiingereza usikitegemee. Jifunze Kihispania cha kazini kabla hujaondoka: namba, rangi, kushoto, kulia, kaza, legeza, subiri, sawa. Hicho kinatosha kufumia.

Kuomba nafasi na maswali ya kuuliza

Residensi ziko za aina mbili kubwa, zinazokulipia na zile unazolipa wewe. Za Oaxaca nyingi ni za kulipa, na hakuna ubaya ili mradi ujue unalipia nini. Kwenye maombi wanataka picha za kazi zako, maelezo mafupi ya mradi na wasifu. Kwenye maelezo ya mradi usipige siasa ndefu. Sema: nataka kufuma zulia moja la sentimita 60 kwa 100, rangi nne, zote za asili, mchoro unatokana na kitu fulani cha kwetu. Mtu anayesoma maombi mia anafurahi kweli akikuta mtu anayejua anachotaka.

Kabla hujatuma hela uliza haya, tena uandikiwe majibu kwenye imeili: mtambo ni wangu peke yangu au tunapokezana? Upana wake ni sentimita ngapi? Mwalimu yupo siku ngapi kwa wiki na analipwa na nani, yumo kwenye ada au namlipa pembeni? Nyuzi na rangi zimo? Kama kuna mtu anakujibu kwa kuzungukazunguka hapo kwenye mtambo, jua mnapokezana. Mtambo wa kupokezana kwa kazi ya zulia ni hasara tupu, maana ukishatanda nyuzi huwezi kuzitoa kumpisha mwenzako.

Visa: ubalozi wa Meksiko kwa ukanda wetu wa Afrika Mashariki uko Nairobi, na miadi yake anza kuifukuzia mapema sana, ukiwa na barua ya mwaliko, taarifa za benki na uthibitisho wa pa kulala. Ukiwa tayari na visa hai ya Marekani, Uingereza, Kanada, Japani au ya nchi za Schengen za Ulaya, Meksiko wanakuruhusu kuingia kama mgeni bila visa yao, ila hakikisha kwa ubalozi kabla hujakata tiketi. Na angalia ndege inapopita. Ukiunganisha Marekani unahitaji visa ya Marekani hata kama hutoki uwanjani, watu wengi wamekwamia hapo hapo kaunta.

Msimu nao una maana. Mvua ni kama Juni mpaka Septemba, nyuzi zilizotiwa rangi zinachukua siku nyingi kukauka na kuni zinakuwa na moshi. Ukipata nafasi kati ya Oktoba na Aprili chukua. Beba sweta, kijiji kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Januari sio za kaptula.

Mchoro

Hapa tukae kidogo, sababu ndo mahali zulia linapopona au kufa.

Zulia la Teotitlán ni la kufuma bapa, halina manyoya yaliyosimama kama ya Iran. Kuna mtande, zile nyuzi ndefu zilizofungwa kwenye mtambo, na kuna mshindio, uzi wa rangi unaopita kulala. Mshindio unapigwa mpaka unafunika mtande wote, kwa hiyo rangi unayoiona ni ya mshindio tu. Kinachofuata kwenye hilo ni kwamba kila mstari wa mchoro wako utapanda kwa ngazi ndogondogo. Mstari wa kulala ni rahisi kama nini. Mshazari uliolala ni rahisi. Mshazari mkali unaenda ila ngazi zinaonekana. Mstari wa kusimama wima ndo kichomi, maana pale rangi mbili zinapokutana na kila moja inarudi kwao unabaki upenyo, tundu refu linalopitisha kidole. Unaweza kuufunga kwa kuzikumbatisha nyuzi mbili kila zinapokutana, lakini inachelewesha mno. Mduara unawezekana, wale mafundi wanafuma mpaka nyuso za watu, ila wewe ndo kwanza unaanza, achana na miduara.

Ndo maana michoro ya pale imekaa ilivyokaa. Ngazi, almasi, zile nakshi za kona kona unazoziona kwenye kuta za magofu ya Mitla, jirani kabisa na kijiji. Kwenda Mitla ni safari ya nusu siku, nenda, ukaangalie jinsi jiwe lilivyokatwa kwa hatua sawasawa, utaelewa zulia kuliko kwa maelezo yangu.

Lakini kuangalia sio kunakili. Mchoro wa familia fulani ni riziki ya ile familia, na tangu Januari 2022 Meksiko wana sheria ya shirikisho inayolinda urithi wa utamaduni wa jamii za asili na za Wameksiko weusi, huruhusiwi kuutumia kibiashara bila ridhaa ya jamii yenyewe. Alafu kwanza kwa nini uende mbali kote huko kuchukua cha watu wakati una chako. Chukua kanga. Ina pindo linalozunguka pande zote nne na ina mji katikati, huo ni mpangilio wa zulia umeshakamilika, toa maandishi tu sababu herufi ni shida kufuma. Chukua mkeka wa ukili wa Pemba au Tanga, rangi zake zinapanda kwa vipembe vipembe vilevile vinavyotakiwa na mtambo. Milango ya Lamu na Unguja mizuri lakini maua yake yamejikunja sana, utalia.

Chora kwenye karatasi ya miraba ya hesabu, kila mraba uwe sentimita moja. Rangi tatu, zikizidi nne. Ukimaliza chora tena kwa ukubwa kamili kwenye karatasi ya manila, bandika ukutani, rudi nyuma hatua tano, tazama kwa kufumba macho nusu. Kitu kinachopotea ukiwa mbali kifute. Mwoneshe maestro. Atanyamaza kidogo alafu ataweka kidole sehemu mbili tatu, na hapo alipoweka kidole ndo penye upenyo au penye kazi ya wiki nzima, mbadilishie bila ubishi.

Hesabu

Tuchukue zulia la sentimita 60 kwa 100, ndo saizi ninayomshauri mtu wa wiki sita. Nyuzi za mtande ziwe 2.5 kwa kila sentimita, kwa hiyo 60 mara 2.5 ni 150, ongeza 4 za kudabo pembeni, jumla 154. Urefu wa kila uzi: 100 za zulia, 30 za matamvua pande mbili, 10 zinazoliwa na kupandashuka kwa mtande, na kama 60 zinazobaki kwenye mtambo hazifumiki. Jumla mita 2. Mara 154 ni mita 308, nunua 350 ulale.

Mshindio unapimwa kwa uzito. Zulia la aina hii linakula kama kilo 1.5 mpaka 2 kwa mita ya mraba, lako ni mita za mraba 0.6, sema kilo 1 hadi 1.2. Wewe tia rangi kilo 1 na nusu. Ile nyongeza sio uoga, rangi ya asili ikiisha katikati ya zulia huwezi kuirudia ikafanana, maji mengine, siku nyingine, rangi nyingine.

Uzi uwe sufu ngumu kidogo inayong'aa, ya kondoo wa aina ya churro ndo wanayoisifia, inasokotwa kwa mkono na inapatikana kutoka vijiji vya milima ya Mixteca. Ya kiwandani ipo na ni rahisi na imenyooka. Merino laini ya sweta haifai, itachakaa chini ya miguu. Ukiwa na wasiwasi kama ni sufu kweli choma kipande, sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yanavunjika vumbi, ya plastiki inayeyuka inakuwa kidonge kigumu.

Muda sasa. Wiki ya kwanza mchoro, sampuli ndogo na kununua. Ya pili rangi. Kutanda mtambo ufanye wakati nyuzi zinakauka, usikae bure. Wiki ya tatu, nne na tano unafuma, ukipata sentimita 6 kwa siku kwa kazi ya mchoro unamaliza, na niamini 6 sio kidogo kwa anayeanza. Ya sita kumalizia na kupumua.

Rangi

Sehemu tamu kuliko zote hii, na ndo inayonuka kuliko zote.

Osha sufu kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya upole, mafuta ya kondoo yatoke, la sivyo rangi itashika mabaka. Kuanzia hapa sheria moja: sufu usiitoe kwenye moto ukaitupa kwenye baridi, wala usiisugue, itagandamana iwe kama blanketi la jeshi. Iache ipoe na maji yake.

Alafu shabu. Kwa kila kilo ya uzi mkavu weka gramu 120 za shabu, yeyusha kwenye maji ya moto, tumbukiza uzi uliolowa, pandisha taratibu mpaka karibu na kuchemka bila kuchemka kabisa, kaa hapo saa moja, acha usiku kucha. Shabu ndo inayoshika rangi kwenye uzi, ukiiruka unapaka rangi maji.

Nyekundu inatoka kwa mdudu. Anaitwa cochinilla, anakaa kwenye majani ya mpungate, mweupe mweupe kama unga wa mhogo umemwagikia pale, ukimminya kidole kinakuwa damu. Wanauzwa wamekaushwa, wanafanana na punje za kijivu, na kilo moja ni wadudu zaidi ya laki moja, kwa hiyo bei yake usishangae. Kwa gramu 400 za uzi gramu 40 zinatosha kupata nyekundu ya kueleweka. Wanasagwa kwenye jiwe la kusagia, lile lile la familia ya mawe ya mahindi ila hili halirudi tena jikoni, mpaka wawe unga laini.

Kuna kitu kila fundi wa pale atakuonesha mkononi na inafaa ukielewe sio kupiga picha tu. Anaweka unga kidogo kiganjani na tone la maji, rangi ya zambarau iliyokolea. Anakamulia ndimu, hapohapo inageuka nyekundu ya machungwa. Anaongeza magadi soda, inarudi kuwa zambarau nzito. Maana yake sufuria lako linafuata uchachu. Ukitaka nyekundu ya moto kamua ndimu ndani ya sufuria, ukitaka waridi iache ilivyo, ukitaka zambarau tia magadi kidogo sana maana magadi yakizidi yanakula sufu. Na kijiko cha chuma au sufuria ya chuma itakutia giza bila kukuuliza, tumia stenlesi. Kwa sababu hiyo hiyo zulia ukishalimaliza usilifue na sabuni kali ya unga, zile nyekundu zitahama.

Njano wanapata kwenye pericón, majani ya porini yenye harufu inayoelekea kwenye anisi, yanachunwa baada ya mvua. Kahawia ni maganda ya kijani ya jozi, hayo hata shabu hayahitaji, chemsha tu. Ganda la komamanga linatoa njano ya kijivu kijivu, ukidondoshea maji ya kutu inakuwa kijani cha jeshi.

Nili ni habari nyingine kabisa. Wanainunua mabonge ya bluu nzito, mengi yanatoka Niltepec upande wa Isthmus ya Tehuantepec kwenye jimbo hilohilo. Nili haiyeyuki kwenye maji, lazima uiondolee hewa. Njia nyepesi kwa mgeni ni sehemu 1 ya nili, 2 za chokaa na 3 za sukari ya matunda (fructose), kwa uzito, kwenye maji ya moto, unakoroga pole pole bila kuingiza mapovu, unafunika, unasubiri. Ikiwa tayari juu kuna utando unaong'aa kama shaba na chini maji ni ya kijani njano, sio bluu. Ukiona bluu bado haijaiva. Ingiza uzi uliolowa, dakika chache, toa. Unatoka kijani kama jani changa la mgomba, na hapo mbele ya macho yako unaanza kubadilika, kwanza kwenye ncha, alafu kwenye mikunjo, dakika kumi nzima unaangalia kijani inakimbia. Acha ipumue, rudia. Bluu iliyokolea ni kuchovya mara nyingi muda mfupi, sio mara moja muda mrefu, tena sufu haipendi chokaa, kwa hiyo ukimaliza suuza vizuri na maji ya mwisho yawe na siki kidogo. Kijani cha majani? Tia njano ya pericón kwanza, alafu chovya kwenye nili mara moja.

Kausha kivulini. Kila shada la uzi lifunge lebo: rangi gani, gramu ngapi, lilikaa muda gani.

Kutanda mtambo

Kazi hii ifanye na mtu, na ikiwezekana na maestro mwenyewe. Mtande uliolegea upande mmoja hautengenezeki baadaye, utafuma zulia lenye tumbo.

Unazungusha uzi kwenye vigingi ukutani, mita 2 kila mzunguko, na sehemu moja kati ya vigingi viwili nyuzi zinapishana kwa namba nane. Pale zinapopishana funga kwa kamba ya rangi tofauti kabla hujatoa chochote, ndo panapotunza foleni ya nyuzi zako 154. Toa, peleka kwenye gogo la nyuma la mtambo, mmoja anavuta mbele mmoja anazungusha, kila mzunguko unaweka karatasi ngumu ili nyuzi zisizame moja ndani ya nyingine. Alafu uzi mmoja mmoja kwenye vitanzi, wa kwanza fremu ya mbele, wa pili fremu ya nyuma, wa mbele, wa nyuma, mpaka uchoke. Kisha kwenye kitana, lile chanuo la mtambo la kupigia mshindio, kisha funga mbele kwa vifungu vya nyuzi kama kumi kumi. Pitisha kiganja juu kama unapapasa ngozi ya ngoma, panapobonyea fungua ukaze tena. Ukikanyaga pedeli uone mlango safi kati ya nyuzi za juu na za chini, ukiona uzi umeelea katikati kuna kitanzi umekosea, rudi sasa hivi.

Kufuma

Kwenye mitambo ya Teotitlán unafuma umesimama, mguu mmoja chini mwingine kwenye pedeli, unabadilishana. Vaa viatu bapa, siku tatu za kwanza nyonga zitauma.

Anza na mistari michache ya uzi wa kutupa ili mtande ujitawanye, alafu sentimita 3 za rangi moja bila mchoro. Hapo unajifunza kitu kikubwa kuliko vyote: mshindio haunyooshwi. Ukiupitisha umenyooka na ukaupiga, utavuta kingo zije ndani na zulia litaanza na 60 liishie na 52. Upitishe kama kilima, umepanda katikati ya mlango, ubonyeze kwa vidole kilima kiwe vilima vidogo vidogo, funga mlango, piga kitana mara mbili. Sauti ikiwa nzito na fupi, umepiga vizuri, ikilia kama inagonga hewani bado. Kila sentimita 5 chukua futi upime upana. Ukipungua nusu sentimita ongeza vilima, usingoje.

Karatasi ya mchoro iweke chini ya mtande, chukua kalamu ya wino usiofutika na uweke alama kwenye nyuzi pale kila umbo linapoanza. Kila rangi ina kibunda chake kidogo cha uzi, vyote vinalala juu ya kazi. Rangi za jirani zitembee kwa kukutana na kuachana, sio zote kwenda kulia pamoja, ukikosea hapo mlango utakataa kufunga sawa. Ncha za uzi usizifunge fundo, zilaze ndani ya mlango unaofuata zifunikwe. Zulia zuri la pale ukiligeuza nyuma ni sawa na mbele.

Kazi inavyokua inazungushwa kwenye gogo la mbele na hutaiona tena mpaka mwisho. Kwa hiyo piga picha kila siku, alafu pini utepe wa kitambaa pembeni ya zulia uandike umbali, kwa sababu futi peke yake itakudanganya ukishazungusha. Na kama mchoro wako unajirudia juu na chini, kama vile pindo la kanga, usitegemee sentimita, hesabu mipito ya uzi. Pindo la kwanza mipito 84, la mwisho iwe 84, hata kama futi inasema kingine, sababu mkono wa wiki ya tatu unapiga kwa nguvu zaidi kuliko wa wiki ya kwanza. Na kumbuka zulia likiwa limevutwa linasoma refu, ukilikata litarudi sentimita kadhaa, kwa hiyo fuma mpaka 104 kama unataka 100.

Maestro akikuona umekwama anaweza akaingia kwenye mtambo akafuma kiganja kizima ndani ya muda unaokunywa chai. Mwache afanye, uangalie vidole. Ila mpatane mapema: anayekusaidia kufuma anatajwa kwenye lebo na kwenye maonyesho, na analipwa kwa siku sio kwa shukrani.

Kukata, kumalizia, kubeba

Siku ya kukata watu wa nyumba watakuja kuangalia, kunakuwa na chokoleti au mezcal, pombe kali ya kwao, ukiwa na bahati. Legeza kwanza, kata ukiacha sentimita 15 za matamvua, funga mafundo ya nyuzi nne nne ukisukuma kila fundo likumbatie ukingo. Nyuma kata ncha zilizochomoza. Lioshe kwa maji baridi na sabuni laini kidogo, lisikamuliwe, liviringe kwenye taulo, alafu lipigilie pini pembe nne juu ya mbao likauke likiwa mstatili. Kona iliyojikunja inanyooka hapo au hainyooki tena.

Kwenye ndege liviringe upande wa mchoro ukiwa nje, usilikunje, lifunge kwa shuka la pamba. Lina uzito wa kilo moja na kidogo, linaingia kwenye begi la mkononi na mimi singelipeleka kwenye mzigo wa chini hata kwa dawa. Shika barua ya residensi inayosema ni kazi yako mwenyewe na picha zako ukiwa kwenye mtambo, forodha wakikuuliza umelinunua shilingi ngapi una cha kuonesha. Wadudu waliokaushwa na mabonge ya nili ukitaka kubeba uliza masharti ya nchi yako kabla, usiviringishe ndani ya zulia, utaonekana unaficha kitu.

Ukifika Pwani adui ni nondo, wale wadudu wanaokula sufu, na unyevu. Lipige jua la asubuhi mara moja moja kwa dakika chache tu, jua kali la mchana linafubaza njano ya pericón, likung'ute, na kama hulitandiki liviringe na majani makavu ya mwarobaini ndani, ulikague kila mwezi upande wa nyuma, nondo anaanzia nyuma.